Moyo Kuchafuka Mbele ya Wakaguzi

Sikuomba kuandika mimi. Sista Mkuu, yule anayeongoza idara ya uuguzi pale chuoni, kaniletea daftari jipya na kalamu mbili, akaniambia, "Mama, andika maisha yako, tuyaweke kwenye kitabu cha idara." Nikamwambia darasa la tatu sikulimaliza na herufi zangu ni kubwa kama sufuria. Akasema afadhali, zitasomeka. Mtu mwenye shahada mbili hakosi jibu. Basi naandika, lakini naandika kwa ubishi, na atakayenisahihisha nitamrudishia daftari lake.

Kazi yangu ni kuumwa. Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi nalala kitanda cha tatu katika chumba cha mafunzo kwa vitendo, kando ya dirisha lisilofunga vizuri. Vitanda viwili vya mwanzo vina midoli mikubwa ya plastiki, imekodoa macho, haiombi maji wala haiguni. Kwa hiyo mwenye kusema ni mimi. Napewa kadi inayoeleza naumwa nini, tangu lini, na nimekula nini. Mwanafunzi anaingia, ananihoji, ananipima, na mwalimu anatia alama kwenye karatasi yake. Wiki hii nina pumu, wiki ijayo nimeteguka mguu. Ila mara nyingi ni tumbo, ndiyo maana wanafunzi wananiita Bibi Tumbo. Naitika.

Mdogo wangu, ninayekaa naye tangu mume wangu afariki, hajachoka kunicheka.

"Wenzio wakiumwa wanakwenda kulazwa," ananiambia. "Wewe unakwenda kulazwa mzima."

"Na wewe unaumwa ulimi kila siku," namjibu, "na hakuna anayekupima."

Kabla ya hapo nilipiga deki wodi ya wanawake miaka thelathini na moja. Sista Mkuu alinikuta pale, wakati huo bado nesi mwanafunzi, mwembamba kama fimbo ya ufagio, akipita na ndoo na kunimwagia maji palepale nilipokwisha kukausha. Nilimfokea sana. Hata leo ana ofisi na katibu muhtasi, lakini nikimwita kwa sauti ya juu anaangalia chini kwanza, sakafuni. Nilipostaafu ni yeye aliyekuja kunitafuta nyumbani. "Mama, umewasikia wagonjwa wengi kuliko sisi sote. Njoo uwaigize." Mimi ukinisifu kwa haki sina ubishi, nakuja.

Sasa nifike kwenye siku ya wakaguzi, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Kila baada ya miaka kadhaa wanakuja watu kutoka nje kuzipima shahada zote za afya pale chuoni: udaktari, famasia, maabara, uuguzi. Wanahesabu walimu, wanafungua makabati, wanakagua hata vyoo. Ya uuguzi ndiyo ilikuwa mashakani. Safari iliyopita iliponea chupuchupu, na safari hii Sista Mkuu alituita wote akatuambia wazi, "Tukianguka, hatupokei mwanafunzi mpya. Na hawa tulionao watahamishwa wakaanze upya mwaka wa kwanza." Wiki nzima watu walitembea kwa kunyata. Kuta zilipakwa rangi mimi nikiwa kitandani, kichwa kikaniuma kweli kwa ile harufu, na siku hiyo hakuna hata mmoja aliyenipima.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mmoja Profesa, suti ya kijivu, kasoma mbali na kukaa mbali, Kiswahili chake kimepigwa pasi hakina hata mkunjo. Mwenzake nesi wa zamani, mama mnene mwenye viatu vya raba, haongei, anaandika tu. Walipiga kura wakapata wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho. Wote watano wangempima mgonjwa mmoja, na mgonjwa ni mimi.

Kadi yangu iliandikwa: mgonjwa aseme ana kichefuchefu tangu jana. Neno hilo nalijua, si kwamba silijui. Lakini katika miaka yangu yote pale wodini, mwanamke aliyejikunja ukingoni mwa kitanda hakunitamkia kichefuchefu. Aliniambia, "Dada, moyo unanichafuka," na mimi nikakimbilia beseni, maana nikichelewa ni deki upya. Nimewaambia walimu miaka miwili warekebishe ile kadi. Wakanijibu kadi imeshapitishwa. Basi nikaamua nitasema ninavyojua mimi, tena siku hiyohiyo ya wageni. Ubishi huo ni wangu, simsingizii mtu.

Wa kwanza akaingia, akaniamkia, akauliza nasumbuliwa na nini.

"Moyo unanichafuka tangu jana."

Hapo hapo akatia kipimo masikioni, akanisikiliza kifua, akanigeuza akanisikiliza mgongo, akauliza kama nikipanda ngazi nahema. Wa pili vilevile. Wa tatu alinishika mkono akaniuliza kwa upole kama kuna huzuni nyumbani. Wa nne akarudi kifuani, na kile chuma ni cha baridi. Profesa anaitikia kwa kichwa, anatia alama.

Wa tano ni msichana ambaye wenzake wanamwita Polepole, kwa sababu hajawahi kumaliza mtihani kabla ya kengele. Nilimwona Sista Mkuu, pale mlangoni, akifumba macho.

"Moyo unanichafuka," nikasema.

Polepole akavuta kiti akaketi. "Unachafuka vipi, bibi? Umeudhiwa na mtu, au unasikia kutapika?"

"Nani wa kuniudhi mimi? Nasikia kutapika."

"Umetapika mara ngapi?"

"Mara mbili, na ya tatu iko njiani."

Akatabasamu, akalivuta beseni karibu na mto. Akauliza nilikula nini, nani mwingine alikula, kama nimepata choo. Akasugua viganja vikapata joto ndipo akanibonyeza tumbo. Kengele ikalia hajamaliza.

Profesa akafunga kalamu yake. "Mgonjwa amelalamikia moyo waziwazi. Mwanafunzi hakugusa kifua, na muda umemwishia. Huyu ni sifuri." Akamgeukia Sista Mkuu. "Kama huyu ndiye wa mwaka wa mwisho, sioni ni vipi shahada hii itapita."

Polepole alisimama akiwa ameshika beseni, linagongagonga chuma cha kitanda.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Wanne waliopotea wamepata alama, aliyeufikia ugonjwa amepata sifuri, na idara nzima inakwenda naye. Nikinyamaza, nani atajua? Kadi nimeilalia, wakaguzi hawajaiona. Nikisema, wataandika kwamba wagonjwa wa idara hii hawafuati kadi, na hilo nalo ni kosa. Nilikaa chini ya shuka nikitafuta njia ambayo mwenye kosa hatakuwa mimi. Nilitafuta kwa bidii. Haikuwepo.

Nikaketi. "Profesa, samahani. Moyo wangu mzima."

"Bibi, lala tafadhali. Hatujamaliza."

"Nimelala saa nzima. Kadi hii hapa, isome. Imeandikwa kichefuchefu. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. "Sasa kwa nini ulisema moyo?"

"Kwa sababu wagonjwa wanasema moyo. Nimewafutia matapishi miaka thelathini na moja. Sijapata kumfutia mwenye kichefuchefu."

Yule nesi wa zamani akaanza kucheka, anacheka mpaka viatu vinalia sakafuni. "Profesa, hata mama yangu mzazi husema hivyo. Moyo kuchafuka ni kusikia kutapika. Mimi nilidhani ndio mtego wa kwenye kadi, nikanyamaza nione nani ataunasua." Akamwonyesha karatasi yake. Wale wanne aliwapa sifuri wote.

Profesa akavua miwani. Nilijua sasa ananifukuza. Badala yake akamuuliza Polepole, "Wewe ulijuaje?"

"Sikujua, Profesa," akajibu. "Kwetu hatusemi hivyo. Ndiyo maana nikauliza."

Profesa akafungua tena kalamu, akaikata ile sifuri.

Shahada ya uuguzi haikufungwa. Imepewa mwaka mmoja, kwa sharti: chuo kiwe na daftari la maneno ambayo wagonjwa wanayatumia wenyewe, na wanafunzi wafundishwe kuuliza maana yake kabla ya kushika kipimo. Wale wanne walirudia mtihani. Na katika ripoti yao kuna mstari mmoja unanihusu mimi, kwamba mgonjwa wa kuigiza alikiuka kadi bila idhini. Sista Mkuu alinisomea mara mbili, nadhani kwa raha zake. Nikaondolewa kitandani mpaka nihudhurie mafunzo ya siku mbili ya kufuata kadi. Nilihudhuria, tena niliketi mbele. Mwishoni mkufunzi akaniuliza nimejifunza nini, nikamwambia nimejifunza kwamba kadi iandikwe vizuri.

"Hata kuumwa umefeli," akasema mdogo wangu.

Lile daftari la maneno sasa tumepewa mimi na Polepole. Mimi naleta maneno, yeye anaandika, na kila neno anauliza mpaka nakereka. Tuna mwili kulegea, tuna tumbo kusokota, tuna nyayo kuwaka moto, tuna kichwa kugonga. Yote ni kumi na tisa. Wakaguzi wakirudi wakikuta kumi na tisa watatucheka, na kucheka kwao ni kufunga.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, usifunge kitabu ukaenda zako. Mkono wangu umeuma kwa kuandika, na safari hii naumwa kweli. Nenda kwa mama yako, au shangazi, au bibi yako, mwulize akiugua husema vipi. Akikutajia neno, mwulize maana yake, usikisie. Liandike kwa herufi kubwa, maana miwani yangu ni ya zamani, ulilete mapokezi ya idara ya uuguzi, useme ni la Bibi Tumbo. Jumanne na Alhamisi mimi mwenyewe nipo. Usije mikono mitupu.