Walichodhani Nimefanyiwa

Mume wangu nilimpenda. Niseme hivyo kwanza, maana yanayofuata yanaweza kumdanganya msomaji. Nilipenda maneno yake, nilipenda alivyokaanga mwenyewe ndagala, dagaa wetu wa ziwani, bila kuwaonea haya ndugu zake. Kitandani tu ndipo sikuwa na kitu. Kabla ya harusi shangazi alinifundisha namna ya kumpokea mume. Kwamba kuna hamu, hakusema. Nikadhani wanawake wote wanavumilia kama mimi. Tukazaa watoto wawili, nikanyamaza.

Kisha vita. Tulikaa Uvira, na shamba letu la mpunga lilikuwa Lubarika. Msimu mmoja mume wangu alishikwa na malaria, akaniomba niende kuvuna kabla askari hawajatuvunia. Nilivuna, na wakati wa kurudi nikasimamishwa na askari njiani pamoja na wanawake wengine watatu. Walitukalisha juani mpaka jioni, wakachukua mpunga wote, wakatufukuza kwa matusi. Tulilala kanisani, asubuhi nikarudi mjini. Hakuna aliyenigusa. Narudia: hakuna aliyenigusa.

Lakini miaka ile mwanamke aliyelala njiani hakuulizwa kilichompata. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu. Mama mkwe alinipokea mlangoni akiwa amekwisha kuchemsha maji na majani, akaniogesha kama mtoto mchanga huku machozi yakimtoka.

"Pole, mukamwana. Usiseme kitu."

Nikatii. Mume wangu alihamishia mkeka wake chumba cha mbele. "Minye sitakusumbua tena," aliniambia. "Weye pumuzika tu."

Nifiche nini sasa? Nilifurahi. Nilijifunika shuka usoni wasione ninavyofurahi. Nikajiambia nitamweleza Jumapili, halafu nikasema baada ya mavuno, halafu aibu ya kunyamaza ikawa kubwa kuliko jambo lenyewe.

Mume wangu na mama yake wakanipeleka kwenye nyumba ya kusikiliza, ambako wanawake waliobakwa walikutana na kuongea. Mambo ambayo mashangazi walikuwa wanayanong'ona sasa yalitajwa kwa kipaza sauti, hata redioni, hata kanisani. Kila jambo lilikuwa na jina lake isipokuwa langu. Pembeni yangu aliketi jirani ambaye mumewe alikuwa amemrudisha kwao. "Weye uko na bwana muzuri," aliniambia, akanikatia nusu ya sabuni aliyopewa. Niliipokea. Mwizi wa kuku ana nafuu.

Niliendelea hivyo miaka kumi na minne. Binti yetu akakua, akasomea uuguzi Bukavu. Alipokuja likizo, tukitwanga majani ya muhogo kwa ajili ya sombe, alinisimulia wanayofundishwa siku hizi: kwamba kuna watu ambao hawana hamu hiyo ya mwili, wala si ugonjwa, wala si uchawi, wala hakuna aliyewaharibu. Zamani mtoto angepigwa kofi kwa kutamka hayo mbele ya mama yake. Yeye aliyasema kama anataja bei ya sukari, kisha akashangaa kuona mchi wangu umesimama.

Kesho yake nilimkuta mume wangu uani akichambua maharagwe. Nikaketi, nikamweleza yote, kuanzia harusi yetu mpaka ile siku ya Lubarika.

"Hakuna mutu alikuguza?" aliuliza.

"Hakuna, baba."

"Hata moja?"

"Hata moja. Minye njo niko hivi tangu zamani. Nilikuacha uamini kwa sababu niliogopa utarudi kitandani."

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Badala yake aliniomba nirudie. Nikarudia. Alishika kichwa kwa mikono miwili, maharagwe yakamwagika, hakuyaokota.

"Minye njo nilikutuma kule," alisema. "Kila siku najua ni minye nilikutia mu mikono yabo. Padri alinisamehe. Lakini nilikataa kukomunika."

Ni kweli, kanisani hakuwa anasimama wakati wa komunyo. Nilidhani ana ugomvi wake na padri, maana wanaume wa umri wake hawakosi ugomvi, na sikuwahi kumuuliza. Miaka kumi na minne, kila Jumapili, alikuwa anavuta magoti yake pembeni ili mimi nipite kwenda kupokea.