Tulivyomtafuta Moma Milimani Kabambare

Harufu ya majani yanayooza baada ya mvua bado hunikasirisha. Ndiyo iliyokuwa milimani Kabambare nilipokuwa msichana wa miaka tisa, tulipozunguka siku tatu, mimi na koko wangu, mama mzaa baba, tukimtafuta nyoka ambaye wengine wote walikuwa wakimkimbia. Jirani yetu Musafiri alikuwa ameumwa na moma akifyeka shamba lake, akaponea chupuchupu. Shamba lile lilipakana na la koko, na wiki hiyohiyo walikuwa wamegombania mpaka. Basi ikawa kesi: nyoka katumwa kwa uchawi, na aliyemtuma ni yule mjane, koko wangu. Chifu akampa koko siku nne awe amehama. Kufungasha? Hata kidogo. Alichukua fimbo yenye panda, akaniambia, “Weye uko na macho muzuri, twende. Nyoka ya kutumwa haina kwao. Ile iko na kwao, tutapaona.”

Moma ni mnene, mvivu, na ngozi yake ina rangi za majani makavu. Unaweza kumkanyaga huku unamtafuta. Niliogopa, sitaficha. Siku ya tatu, chini ya gogo karibu kabisa na mpaka wa shamba, niliona kichwa kipana kama kiganja, kisha kando yake vitoto vingi vimejikunja. Koko aliniacha nikilinda kwa mbali, akashuka kumwita chifu kwa kelele ambazo kijiji kizima kilizisikia. Wakaja, kaka yake Musafiri mbele na panga. Koko akanyoosha fimbo. “Muangalie muzuri! Iko na watoto. Ni mimi niliizalisha?” Mtu mmoja akacheka. Chifu akakohoa, akasema koko abaki. Hakuna aliyeomba msamaha, na koko alilima shamba lile mpaka kufa kwake.

Leo vijana wanapita milima ile kwa pikipiki, na wengi wao hawajamwona moma. Lakini neno kutumwa bado linaishi. Juzi hapa Kasongo radi ilipiga nyumba mtaani kwetu, watu wakasema kaituma mjane anayeuza mafuta ya mawese, ahame. Nilisimama kwenye kikao cha mtaa nikawaambia ni uongo mtupu, na kwamba mama huyo hahami. Walininunia. Mmoja akanong'ona kwamba hata mimi sasa ni mjane, mvi zimenijaa, na habari za nyoka ninazijua mno. Nilimsikia vizuri. Nyumba yangu wanaijua. Waje.