Lori Lisilotoa Moshi

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo aliagiza lori kuukuu kutoka nje. Nililoendesha mimi lilitoa moshi hadi kina mama wa Mtoni walianua nguo wakisikia tu linakuja. Mimi nililipenda hivyohivyo. Kwa akili yangu, moshi mweusi ndiyo nguvu yenyewe.

Kisha ikaja amri: lori linalotoa moshi halipewi cheti cha barabara. Tajiri wangu, Mhindi aliyezaliwa Dar kama babake, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, lori bila cheti ni banda la kuku. Na dereva wa banda la kuku mie simtaki."

Fundi wetu alikuwa na dawa moja kwa malori yote. Alikaza skrubu ya pampu, dizeli ikaingia kidogo kama dawa ya macho. Moshi ukakoma. Nguvu nazo zikakoma, lakini hizo mkaguzi hakuzipima. Ukishapata cheti unakata kona, unalegeza skrubu, unaendelea na maisha. Mji mzima ulifanya hivyo.

Siku ya ukaguzi, kituoni Kipawa, mkaguzi aliniamuru nipige resi, akainama kuchungulia eksozi. Safi! Akatoa kalamu, kisha akasita.

"Dereva, unaelekea wapi?"

"Popote, afande."

Mdomo wangu huu! Kumbe alikuwa anajenga Pugu. Tukapakia saruji yake, yeye akapanda mbele, cheti changu mapajani.

"Nitasaini tukifika."

Kwenye mlima wa Pugu lori likaishiwa pumzi. Likatambaa, likasimama, likataka kurudi nyuma. Nikaing'ang'ania breki huku mawingu yakitanda. Nikilegeza skrubu, ataona moshi, kazi sina. Nisipolegeza, saruji italoa, na kazi vilevile sina. Niliogopa kweli, nyumbani nilikuwa na watoto wanne.

Mkaguzi alitazama mawingu, akanitazama mimi.

"Nyie wote mnakaza pampu. Unadhani sijui? Shuka ukalegeze, mvua hiyo!"

Nikalegeza. Lori likanguruma, likapanda mlima kwa furaha, na nyuma yetu Pugu nzima ikapotea. Mkaguzi akapandisha kioo upesi. Akaweka cheti juu ya goti, na penye mstari wa moshi akaandika "Hakuna", huku akikohoa.