Tone la Kwanza Kiganjani mwa Suhaila

Da' Semeni, dada yangu tumbo moja, anachora hina hapa Ngamiani. Zamani alikuwa anafuata maharusi mpaka Pongwe na Kigombe, koni zake za hina kwenye mfuko. Siku hizi anachora huku yuko laivu, anaangaliwa na watu wa Pemba, wa Muscat, wa wapi sijui.

Mie kila kidude kwenye ile simu nilikuwa nauliza, hiki kikibonyezwa kunatokea nini. Kumbe unaweza kuiorodheshea simu matusi usiyoyataka, mtu akiyatuma hayaonekani. Kumbe komenti moja unaibana juu, anayeingia kachelewa anajua kinachoendelea. Da' Semeni akanipa kazi ya kulinda komenti, anajua mwanamke mie sina dogo.

Ijumaa asubuhi ikawa zamu ya Suhaila. Bi harusi yuko ndani, haonekani mpaka atolewe, kwa hiyo laivu ikafungwa: linki wamepewa wanawake tu, kamera inaangalia mikono tu. Na kwao tone la kwanza la hina, mama mtu ndiye anayeonyesha liwekwe wapi. Mama yake, Bi Maryam, yuko Muscat, viza imemkwamisha. Suhaila alishasema, "Mama asipokuwepo sichorwi."

Laivu imeanza tu, likaingia jina Hilal, picha ya dume limevaa miwani ya jua. Nikawaka. Hajaandika hata neno, nikamtupa nje na kumblok.

Tukangoja Bi Maryam aingie laivu. Nusu saa nzima. Da' Semeni anazibua ncha ya koni kwa pini, inaziba tena.

"Kanisusia," Suhaila akasema, mkono bado kaunyoosha. "Nimekubali niolewe yeye hayupo."

Hapo shangazi yake aliyeko Wete akaandika: *Maryam kanipigia analia, anasema mmemfukuza. Simu yake imeharibika, anatumia ya Hilal, mpwa wake.*

Da' Semeni akanigeukia taratibu. "Yaani umemtoa mama mtu kwenye hina ya mwanawe."

"Si kaja na dume lenye miwani?"

"Simu si yake. Fungua orodha ya uliowablok, mrudishe. Halafu mpandishe juu kama mgeni."

"Kwani akiandika komenti si inatosha?"

"Anachokiona yeye kimechelewa. Aandike 'hapo', mkono ushahama. Akipanda tunaongea kama kwenye simu."

Nikamrudisha, jasho linanitoka. Uso wa mama ukatokea pembeni ya skrini.

"Shikamoo Bi Maryam. Samahani, huyo Hilal yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini, kaniachia simu. Wewe ndo mlinzi?"

"Ndo mie."

"Mkali wewe. Angekuwa yeye kweli, nami ningemfukuza. Haya, nisogezeeni mkono wa mwanangu."

Nikasogeza stendi. Bi Maryam akaukaribia ule mkono mpaka tukamwona paji la uso tu.

"Shusha koni. Shusha. Pale chini ya kidole gumba, penye alama. Aliungua na kikaango ana miaka sita, nilimpuliza mie."

Da' Semeni akaweka tone palepale. Suhaila akaanza kulia, Da' Semeni akakilaza kile kiganja gotini kwake.

"Mama, usitoke," Suhaila akasema.

"Sitoki. Mwambie huyo mkali asiguse kitu."

Nikaweka mikono nyuma.