Kabichi za Kifaru

Jamani, nichekeni taratibu. Nanunua jinzi Xintang kwa laoban mmoja, yaani bosi wa kiwanda, na tunaongea kwa kutafsiriwa na simu yake. Ijumaa ile simu ikaniambia: "Jumapili mimi na rafiki zangu tunamwosha kifaru wetu. Karibu."

Kifaru! Mimi mtu wa Karatu, jirani wa Ngorongoro, sijawahi kumwona hata mmoja. Leo nimwone China? Nikauliza hao rafiki ni kina nani. Daktari wa meno, mpishi wa tambi na mwalimu wa chekechea. Nikajipangia kichwani: daktari anamkagua meno, mpishi anamlisha. Mwalimu ndiye aliyenishinda. Labda huleta watoto wamtazame.

"Ni mkali?"

"Hapana, ila ananguruma sana."

Mgeni haendi mikono mitupu. Jumapili nikabeba kabichi mbili kubwa hadi nyuma ya kiwanda, nikawakuta wote wameloa sabuni. Mbele yao kimesimama kifaru cha vita, cha mabati, walichokiunda wenyewe, mzinga wake bomba la maji. Mpishi anapaka grisi minyororo, mwalimu anapaka rangi.

Laoban akauliza kabichi ni za nini. Mdomo ukanitangulia: "Za kifaru."

Simu ikawatafsiria wote. Daktari wa meno akachungulia ndani ya mzinga, akaguna, kisha akaisogelea simu:

"Atatafunaje? Hana hata jino moja."