Gundi Kwenye Uji wa Mama

Kazi yangu ni vyombo vya pembe: vijiko, vikombe, pawa za mchuzi. Karakana yangu iko Igoma, ubavuni mwa nyumba ninayoishi, na kwa miaka mingi niliamini hakuna kitu duniani kisichoungika. Pembe na mpingo, pembe na mfupa, pembe na pembe nyingine: nipe gundi, nipe jiliwa ya kubania, niache nikanywe chai, nikirudi vimekuwa kitu kimoja.

Aliyenifanya niwe mtu wa gundi ni ng'ombe wetu. Ng'ombe wa Usukumani ana nundu ya kujivunia, lakini pembe zake ni fupi, na ndani zina tundu. Ukizikata, ukazichemsha zilainike, ukazibana zinyooke, unapata sehemu ya kuchotea na kijishingo, basi. Mpini lazima utoke kwingine. Kwa hiyo nilikuwa naunga mpini wa mpingo kwa gundi ya tyubu mbili, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu, kisha nakisugua kiungo kwa msasa mpaka ukucha usikwame. Watu walisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikaanza kuharakisha. Maelezo ya gundi yalisema kiungo kiachwe wiki nzima kikauke. Mimi nilibana jioni, asubuhi nikafungua.

Mama alikuja kukaa kwangu alipoanza dawa hospitali. Dawa zilikuwa kali. Zilimwachia vidonda mdomoni na ladha ya kutu ambayo haikuondoka kwa mswaki wala kwa maombi. Kijiko cha chuma kikimgusa ulimi alikunja uso kama aliyelamba betri. Cha plastiki alisema kinanuka ndoo. Cha mti kilikuwa kinene, kilimtonesha. Kikombe nacho kilimwaga uji mwingi kwa mpigo mmoja. Akawa anakula kidogo, kisha kidogo zaidi. Muuguzi alimpima uzito, akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mama akirudi baada ya wiki mbili akiwa amepungua tena, dawa zitasimamishwa. Niliogopa sana. Nasema wazi leo kwa sababu siku ile nilijifanya sikuogopa: nilimnunulia mama maparachichi matatu na kupiga mluzi njia nzima.

Halafu nikajicheka. Mtengeneza vijiko ana mama asiye na kijiko! Pembe haina ladha, haichomi midomo, na ikikwanguliwa vizuri inakuwa nyembamba kama ukucha. Nilimtengenezea kimoja kwa moyo wangu wote, kidogo, chepesi, mpini mrefu wa mpingo ili mkono wake usichoke. Alasiri nikaunga, asubuhi kikawa kwenye uji.

"Mayu, hebu kionje," nikamwambia, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama.

Alikigeuza, akakipeleka puani, akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni huku nimejaa tabasamu.

"Kizuri," alisema. "Umekifanya wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi niachie nile polepole. Nenda kazini kwako."

Nikaenda. Bakuli lilirudi tupu. Mchana likarudi tupu, na kesho yake pia. Nikampigia dada yangu simu kumringia. Nikamweleza muuza nyama, nikamweleza na fundi baiskeli ambaye hakuwa ameuliza. Nilijiona daktari.

Siku ya nne akaja jirani, mzee mmoja Mhaya, dereva wa basi mstaafu, ambaye hajawahi kuwa na kitu kisichostahili sifa. Redio yake ndiyo redio, ndizi zake ndizo ndizi.

"Kijana, mabata wangu mnawapa nini?" aliuliza. "Wamenona mpaka wanatembea kwa shida. Nikiwawekea pumba hawageuki. Asubuhi wote mbio, dirishani kwenu."

Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Nilizunguka nyuma ya nyumba. Chini ya dirisha la mama majani yalikuwa na magamba meupe ya uji uliokauka, na mabata sita walikuwa wamepanga foleni, shingo juu, wakisubiri zamu ya mchana.

Niliingia ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani, bakuli mapajani, kijiko mkononi.

"Mama, uji huu unaula wewe au wanaula mabata?"

Alitazama dirisha, akanitazama mimi. "Tunagawana."

"Mnagawana vipi?"

"Mimi nachukua harufu." Kisha akaona kwamba sicheki. "Kinanuka, mwanangu. Uji ukiwa umepoa, afadhali. Ukiwa wa moto kinanuka duka la rangi. Na hapa shingoni kinanata."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulisimama pale mlangoni umefurahi. Tangu nianze kuumwa sijakuona umefurahi namna ile."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia gundi, na mwenyewe nilijiweka mwisho kabisa, ingawa nilistahili kuwa wa kwanza. Nilimwambia mzazi wangu maneno yasiyofaa kuambiwa mzazi, kwamba anajiua kwa adabu.

"Na wewe unaniua kwa ufundi," alijibu. "Toa hicho kitu hapa."

Nilikitoa. Karakanani nilichukua kasha la gundi, nikapiga picha yale maandishi madogo ya ubavuni, nikayakuza kwenye simu. Isitumike kwenye vyombo vya chakula. Isipate joto kali. Maandishi hayo yalikuwa pale miaka yote, nami nilikuwa nayaona kila siku bila kuyasoma. Nilikitumbukiza kijiko kwenye maji ya moto ili nijionee. Haikuchukua muda, mpini ukaanza kucheza kama jino la mtoto.

Mbio hadi mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kuulizia gundi salama kwa chakula.

"Ipo ya mbao," alisema muuzaji, "ipo ya viatu, ipo ya mabomba. Ya kula sina."

Baadaye niliambiwa kwamba zipo zinazofaa, ukizipima kwa usahihi na kuziacha zikauke kwa siku zake zote, lakini mpaka ziagizwe kutoka Dar. Sikuwa na siku hizo. Muuguzi alikuwa ametupa wiki mbili, na nne katika siku hizo walikuwa wamekula mabata. Nilihitaji kijiko kisicho na kiungo, kuanzia ncha hadi mpini, na pembe ndefu ya kutosha niliijua moja tu mtaani kwetu. Ilikuwa sebuleni kwa jirani, imetundikwa juu ya televisheni.

Ilikuwa pembe ya ng'ombe wa Kagera, wale wenye pembe kama matawi. Jirani aliivusha ziwa mwenyewe pale Kigongo enzi za kivuko, ameipakata njia nzima, na kila mgeni wake alisimuliwa. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukataliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kudai uji wako?"

"Nimekuja kuomba pembe."

Alifikiri natania. Nilimweleza yote, dawa, vidonda, gundi, mabata. Alisikiliza, kisha akanipa historia ya yule ng'ombe, mama yake na bibi yake, nikasikiliza na mimi.

"Pembe yote hii kwa kijiko kimoja?" aliuliza mwishoni.

"Kinatoka pale katikati, penye unene na mkunjo. Sikufichi mzee, nikishakata pale, kinachobaki hakitafaa tena ukutani."

Alivuta kiti, akapanda, akaishusha. Aliifuta vumbi kwa mkono wa shati, polepole, upande huu na upande ule. "Kamata," alisema, macho yake yakiwa kwenye televisheni. "Tena usikate ovyo, hiyo si pembe ya ng'ombe wenu wa Kisukuma."

Siku mbili mtaa mzima ulinuka nywele zilizoungua, maana ndivyo pembe inavyonuka ukiikata na kuichemsha. Mama alilalamika kupitia dirishani, na sauti yake kuwa na nguvu ya kulalamika kulinipa moyo. Nilichonga, nikakwangua kwa kipande cha kioo, nikasugua kwa msasa, nikapaka mafuta ya kupikia tu, bila vanishi. Lakini pembe ile ilikuwa na kichwa kigumu. Kila nilipoinyoosha, ikipoa ilijirudia kwenye mkunjo wake. Mpini ukapinda kushoto, na rangi ikawa chai ya maziwa upande mmoja, weusi upande mwingine. Zamani kijiko cha namna hiyo ningekitupa kwenye takataka.

Kikiwa kinapoa nilipiga simu kwa wateja wote niliokuwa na namba zao, nikawaambia wasile kwa vijiko vyangu vya kuunga. Mmoja alisema yeye alivitundika ukutani, hajawahi kula navyo. Mwingine alinitukana, na alikuwa na haki.

Kisha nikakijaribu kijiko. Nilikiloweka kwenye uji wa moto, nikakisugua limau, nikakinusa, nikakiuma. Sikusikia harufu yoyote isipokuwa ya uji. Hata hivyo bado niliogopa, maana zilibaki siku saba, na kama tatizo halikuwa kijiko peke yake, sikuwa na ujuzi mwingine wa kumpa.

Nilimpelekea asubuhi. Safari hii sikusimama mlangoni. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, karibu naye.

"Sitoki," nilimwambia. "Na leo usinionee huruma."

Alikinusa mara mbili. Alichota kidogo, akaweka mdomoni, akafumba macho, akameza. Nilisubiri akunje uso. Akachota tena. Mpini uliopinda ulimfanya ainue kiwiko upande kama anayecheza ngoma, lakini mkono haukusimama. Nilikuwa nahesabu vijiko kimoyomoyo mpaka hesabu ikanipotea. Mwishowe nilisikia pembe ikikwangua chini ya bakuli.

"Haya," nikasema. "Ukweli."

Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku.

"Kibaya," alisema mama. "Kimepinda. Usithubutu kumwonyesha mtu."

Kisha akanisogezea bakuli.

"Ongeza."