Kipindi cha Mbu Nilichomtafsiria Baba

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, saa nne asubuhi, nilikuwa nikipiga pasi koti la baba yangu katika nyumba yetu ya Kaloleni, Nairobi. Naanza na koti kwa sababu mpaka leo naona haya kuanza na yaliyofuata. Niliyatenda mwenyewe, mbele ya watu walionijua tangu nikibebwa mgongoni, na sina wa kumsingizia.

Baba, Mzee Kioko, alikuwa amestaafu kazi ambayo majirani hawakuwahi kuiamini sawasawa. Kwa miaka mingi alikuwa mkamata mbu wa watafiti: walimpeleka mabondeni na pwani, akakunja suruali hadi magotini, akakaa kimya kwenye kigoda, na mbu alipotua tu mguuni akamvuta kwa mrija wa kioo kabla hajauma (au baada, alikuwa akisema, kwa kuwa mbu wengine hawana subira), kisha akaandika saa na mahali. Homa ya malaria ilimlaza mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia. Lakini ukiwaambia wazee wenzako kwamba uliajiriwa kukaliwa na mbu, utegemee nini? Mzee Idi, mfanyabiashara wa nguo na rafiki yake wa kahawa, ndiye aliyemchokoza kuliko wote: "Kioko, sisi sote hapa tunaumwa bure. Wewe barua ya ajira ulimwonyesha mbu yupi?"

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, mwanamke mmoja Mzungu, mtayarishaji wa vipindi vya redio, alikuja na kinasa sauti akazungumza na baba mchana kutwa. Sasa alikuwa ameniandikia kwamba kipindi chenyewe, historia ya elimu ya mbu, kimekwisha kutangazwa kwao, na sisi tungeweza kukisikiliza kwenye intaneti. Saiba moja, duka la kulipia intaneti, ilikuwa imefunguliwa ghorofani kando ya Jogoo Road. Mimi mwalimu, mtu niliyesoma chuo, ningeweza kwenda peke yangu Ijumaa, nikisikilize kwanza, nijue kina nini na hakina nini. Sikwenda. Nilitaka tukisikie pamoja kwa mara ya kwanza na (nikiri yote) nilitaka kumwona Mzee Idi akikisikia. Nikaalika watu, na kwa marafiki wa baba ukialika wawili umealika mtaa mzima.

Tulipanda ngazi watu kumi na watatu kwa kompyuta moja. Achieng', dada aliyesimamia saiba, alitutazama akacheka.

"Sasa auntie! Kwani leo kuna harusi?"

"Kuna redio," akajibu Mama Mumbua, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, aliyekuwa amevaa kilemba chake cha sikukuu. "Mzee wetu ametangazwa ng'ambo."

Achieng' akamketisha baba mbele kabisa, akaunganisha spika mbili kubwa, akabonyeza. Kimya. Kisha neno moja, kimya, nusu neno, kimya. Mtandao wa siku zile ulikuwa ukitiririka kama bomba la maji la mtaa wetu.

"Huyu mtangazaji ana kwikwi," akasema Mzee Idi. "Mpeni maji."

Watu wakacheka, na baba akacheka pia, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka cha siku hiyo.

Hatimaye sauti ikatulia. Kiingereza chao kilikuwa cha haraka, wengi hawakukifuata, kwa hiyo nikasimama kando ya spika nikawa natafsiri: profesa fulani alipasua tumbo la mbu, mwingine akatazama kwenye hadubini, wawili wakagombania nani alitangulia kugundua. Dakika zikaenda. Wote waliotajwa walikuwa na majina na vyeo, na sauti ya baba haikusikika popote. Kisha mtangazaji akasema sentensi moja, kwamba barani Afrika wasaidizi wa kienyeji waliwakamata mbu kwenye miguu yao wenyewe, na papo hapo akarudi kwa maprofesa.

"Amesema nini hapo? Nimesikia Afrika," akauliza Mama Mumbua.

Nikaitazama shingo ya baba ndani ya lile koti. Nikasema, "Anasema kwamba bila Mzee Kioko wa Kaloleni, Nairobi, elimu hii isingefika ilipofika."

Vigelegele! Mzee Idi mwenyewe akainuka, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ndugu yangu, nisamehe." Baba hakuinuka. Nilidhani ni furaha.

Mambo yangeishia hapo kama Mama Mumbua hangekuwa na upendo mwingi. "Rudisha, binti, turudie hapo," akamwambia Achieng'. "Jina halihitaji kutafsiriwa. Tulisikie kwa masikio yetu."

Nikasema muda tuliolipia umekwisha. Achieng', kwa wema wake, akasema tusijali, akarudisha. Ile sentensi ikapita. Kioko hakuwemo. Nikasema mtandao umelimeza jina. Akarudisha tena, na safari hii, kwa balaa langu, kila neno lilitoka safi kama kengele. Mtu wa nyuma akanong'ona, "Kumbe hata zile hadithi zingine zilikuwa za namna hii," na mwingine akamwambia nyamaza, lakini hakumwambia si kweli.

Hapo baba akainuka.

"Zima, dada. Hakunitaja. Amesema wasaidizi." Alikuwa amefanya kazi na Waingereza tangu ujana wake, alikuwa amekielewa kipindi chote kuliko nilivyokielewa mimi, na hilo sikulikumbuka hata kidogo nilipokuwa nikimtafsiria.

Njiani nilimwomba msamaha. Akasema, "Mwende, kutotajwa nimezoea. Lakini leo wanadhani nilikutuma uniombee jina." Wiki ile hakwenda kunywa kahawa na Mzee Idi. Iliyofuata akafunga mzigo, akaenda kwa ndugu yake Machakos.

Mwishoni mwa Septemba nilimtumia barua hii:

"Baba mpendwa,

Nimepita nyumba kwa nyumba, kwa wote waliokuwapo, nikawaambia kwamba maneno yale niliyatunga mimi na wewe hukuyajua. Mama Mumbua aliniuliza kama na kazi ya mbu niliitunga. Nikamwambia nilikuona ukitetemeka kwa homa chini ya mablanketi matatu, nikiwa na miaka tisa, na marehemu mama akinituma maji. Alinisikiliza kwa adabu. Sijui kama aliniamini, kwa kuwa shahidi wako wa pekee hapa Kaloleni ni mimi, na mimi ndiye niliyewadanganya.

Sitasema tena kwa niaba yako neno usilolisema, hata liwe zuri kiasi gani.

Sikuombi urudi umenisamehe. Rudi na hasira yako, baba, bora urudi.

Mwanao, Mwende."